Masale ya mama na ua la dukani: mmea mmoja au mitatu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Njiro, Arusha, ila kwetu ni Kibosho, Kilimanjaro. Juzi nilinunua ua la ndani kwa wauza miche wa barabarani, lebo yake imeandikwa Dracaena deremensis. Mama alipokuja kunitembelea akaniuliza kwa nini nimeweka masale sebuleni. Nikacheka, kwa sababu masale ya kwetu, tunayopanda mpakani mwa shamba, yana majani mapana ya kijani tupu, na hili langu ni jembamba lenye mistari myeupe. Nilipoyapiga picha masale ya nyumbani, programu ya simu ikasema ni Dracaena fragrans. Binamu yangu aliyesomea misitu anasema wote tumekosea, masale ni Dracaena steudneri. Tunaandaa vibao vya majina kwenye kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kwa ajili ya wageni wanaopita kwenda mlimani, na sitaki kuandika uongo. Ni mmea mmoja au ni mitatu? Na kama majina yalichanganywa, nani aliyachanganya?

JIBU: Marahaba, dada. Nikupe kwanza jibu la mkato ili ukampigie mama simu: yeye ndiye aliyepatia. Ua lako la sebuleni na masale ya mpakani kwenu Kibosho ni spishi moja, yaani aina moja ya mmea, na jina lake sahihi ni Dracaena fragrans. Programu ya simu safari hii imesema kweli. Lebo ya dukani imebeba jina ambalo wataalamu walishaliweka kando. Binamu yako naye ametaja mti halisi kabisa, unaoota hukohuko Kilimanjaro, ila ni mti mwingine, na nitamrudia.

Sasa jibu refu, maana umeuliza nani alichanganya, na hilo haliishi kwa sentensi mbili.

Tuanze na majani, kwa kuwa ndiyo yaliyokuchekesha, na ndiyo yaliyowapoteza hata mabingwa. Dracaena fragrans ina majani ya kila saizi. Jani moja laweza kuwa na urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 2 tu, na jingine la spishi hiyohiyo likafika mita moja na nusu kwa upana wa sentimita 12. Shina changa hutoa majani tofauti na shina la zamani, na lililobanwa kwenye kivuli cha migomba hutofautiana na lililo wazi mpakani. Majani mafupi husimama, marefu huinama kwa uzito wake. Mtu akikuletea majani mawili mezani, moja kutoka kila upande, ni rahisi kuapa kwamba yametoka kwenye mimea miwili isiyojuana.

Mistari myeupe nayo haina uzito wowote katika kuamua spishi. Ni sehemu za jani ambazo seli zake zimekosa klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayofanya kazi ya kutengeneza chakula cha mmea. Hitilafu ya namna hiyo hutokea yenyewe kwenye chipukizi moja, mkulima wa maua akaipenda, akakata kipande na kukipanda. Kila kipande kinachokatwa baadaye hubeba mistari ileile. Usishangae siku moja ua lako likitoa tawi la kijani tupu, hutokea. Ukiliacha, hilo tawi litashinda mengine kwa sababu lina klorofili nyingi zaidi.

Hapa ndipo penye kiini cha mkanganyiko wote, na naona vitabu vingi vya bustani vinapapita haraka mno. Maua ya ndani ya aina hii hayapandwi kwa mbegu. Yanakatwa shina, kipande kwa kipande, kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba chungu kilichoko Njiro na chungu kilichoko ofisini Amsterdam vinaweza kuwa, kwa urithi wake, mmea mmoja uleule uliogawanywa mara elfu. Mtu anayeona mimea inayofanana kabisa katika nchi ishirini hudhani ameona spishi. Kumbe ameona mche mmoja uliosafiri sana. Na uchagani ni vivyo hivyo kwa njia nyingine: mpaka wa kihamba hupandwa kwa vipande vya shina vilivyokatwa kwenye mpaka wa zamani, kwa hiyo ukoo mzima unaweza kuwa na masale yenye sura moja, mapana na ya kijani. Miche hiyo miwili, kila mmoja na safari yake, imekutana sebuleni kwako.

Ukitaka kujua yanayounganisha hiyo miwili, acha majani utazame ua. Masale yakichanua, na ya mpakani huchanua kuliko ya chunguni, shada hutoka kwenye ncha ya shina, na maua hayakai moja moja. Yamesongamana katika vifundo vya mviringo vilivyopangana kwenye mkono wa shada. Kila ua lina ndimi sita nyeupe, na katikati ya kila ulimi kuna mstari mwembamba mwekundu au wa zambarau. Hufunguka jioni na usiku. Harufu yake ni kali, tamu hadi inakera chumbani, na hiyo ndiyo iliyompa mmea jina fragrans, la Kilatini, maana yake ni wenye kunukia. Tunda ni dogo la rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea nyekundu, kipenyo sentimita moja hadi mbili. Ua la chunguni, lile linalouzwa kama deremensis, likibahatika kuchanua hutoa maua hayohayo.

Basi jina la pili lilitoka wapi?

Mwaka 1762 Carl Linnaeus, Msweden aliyetupatia mtindo wa majina mawili ya Kilatini, alichapisha toleo la pili la kitabu chake kikubwa cha spishi za mimea. Humo aliuingiza mmea huu wa Afrika, akauita Aletris fragrans. Jenasi ya Aletris, yaani kundi la spishi ndugu lenye jina hilo, kwa kweli ni ya mimea midogo ya nyasini ya Amerika Kaskazini na Asia Mashariki, na leo haiko hata katika familia moja na masale. Linnaeus alikuwa akiitumia kama kapu: mmea wa Kiafrika wenye majani marefu na ua la mrija wa ndimi sita, unatupwa humo. Alishamtupia humo tangu 1753 mkonge-pori mmoja wa kusini mwa Afrika, Aletris hyacinthoides. Ushike huyo akilini.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba katika toleo lilelile la 1762, mti maarufu wa damu ya joka wa Visiwa vya Canary, ambao ni ndugu wa karibu wa masale, Linnaeus aliuweka kwenye jenasi ya Asparagus. Ndugu wawili, kitabu kimoja, vyumba viwili tofauti. Miaka mitano baadaye, 1767, mti ule wa Canary ukahamishwa na kupewa jenasi mpya, Dracaena. Masale yakabaki kwenye Aletris hadi 1808, Mwingereza John Bellenden Ker Gawler alipoona wazi kuwa mahali pake ni Dracaena, ndipo likazaliwa jina tunalotumia leo: Dracaena fragrans.

Hadi hapo mambo yalikuwa yamenyooka. Mkanganyiko uliokufikia wewe ulianzia huku kwetu, Tanga.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikuwa na mashamba katika Usambara Mashariki, mojawapo likiitwa Derema, jirani na Amani, ambako mwaka 1902 walifungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia. Sampuli za mimea zilikuwa zinakusanywa msituni na kusafirishwa kwenda Berlin, kwa Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya huko na mtu aliyeipa majina mimea ya Afrika Mashariki pengine kuliko mwingine yeyote. Mwaka huohuo wa 1902 Engler akachapisha spishi mpya: Dracaena deremensis, yaani Dracaena ya Derema.

Usimlaumu sana. Aliyekaa Berlin mbele ya karatasi yenye tawi lililokauka hawezi kujua kwamba mita mia kutoka pale tawi lilipokatwa kuna shina jingine lenye majani mapana mara tatu. Mmea mkubwa wenye majani ya mita moja haukai kwenye karatasi. Mkusanyaji hukata kipande, hukunja, huacha kingine. Rangi hupotea, harufu hupotea. Na wakati ule kulikuwa na haraka ya kutaja kila kitu kilichotoka kwenye makoloni, kwa hiyo tofauti ndogo ilitosha kuzaa jina. Masale hayakuwa peke yake. Spishi hii moja ilikusanya majina kadhaa ya namna hiyo kote Afrika, kama Dracaena ugandensis na Dracaena smithii.

Kisha likatokea jambo lililofanya makosa ya Engler yawe magumu kusahihisha. Machi 1943, katika vita, jengo la hebaria ya Berlin, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, lilishambuliwa kwa mabomu likaungua. Sampuli nyingi mno za Afrika Mashariki ambazo Engler na wenzake walizitumia kutolea majina ziliteketea humo. Katika kazi yetu jina la spishi limefungwa kwenye sampuli moja maalumu. Ukitilia shaka jina, unakwenda kuitazama. Sampuli ikiungua inabidi utafute nakala yake kwenye hebaria nyingine, kama ilikuwapo, au urudi msituni palepale ilipotoka. Ndiyo maana mimea mingi ya Usambara na Kilimanjaro ilikaa na majina ya mashaka kwa miongo mingi.

Aliyekuja kulifungua fundo hili kwa upande wa Dracaena ni Mholanzi, J. J. Bos wa Wageningen. Alishughulika na jenasi hii kwa muda mrefu, na mwaka 1984 alitoa kazi kubwa kuhusu Dracaena za Afrika Magharibi. Mwaka 1992, yeye na wenzake watatu wakachapisha makala mahususi kuhusu Dracaena fragrans ya porini na ya bustanini. Hoja yao ilikuwa ile niliyokueleza: ukizitazama za porini kwa wingi, kutoka magharibi hadi mashariki ya Afrika, huoni ufa wowote kati ya zenye majani mapana na zenye majani membamba. Zinaingiliana, na maua ni yaleyale. Deremensis ikafutwa kama spishi. Hata hivyo, kwa kuwa wauza maua wanahitaji namna ya kutofautisha bidhaa zao, neno lenyewe likaachwa kama jina la kundi la aina za bustani, wala si la spishi. Baadaye, mwaka 2007, ilipochapishwa sehemu ya Dracaena katika mwongozo mkuu wa mimea ya Afrika Mashariki, kazi ya Wakenya Geoffrey Mwachala na Paul Mbugua, nayo iliiweka deremensis chini ya fragrans.

Utauliza, kwa nini fragrans ishinde na deremensis ishindwe, wakati Derema ni kwetu? Sheria ya majina ya mimea ni kama kiwanja chenye hati mbili: ya zamani ndiyo inayosimama, hata kama mwenye hati ya pili alijenga nyumba nzuri zaidi. Hesabu yetu huanza 1 Mei 1753. Neno fragrans ni la 1762, deremensis ni la 1902. Kuhamishwa jenasi hakulipunguzii neno miaka yake, ndiyo maana fragrans lilitoka Aletris na umri wake wote. Mimi binafsi ningependa jina la Usambara libaki, lakini upendeleo hauna nafasi hapo.

Biashara ya maua nayo haina haraka ya kufuata wataalamu. Lebo huchapishwa kwa maelfu, jina limezoeleka, mnunuzi halalamiki. Aina kama 'Janet Craig', ya kijani iliyokolea, na 'Warneckei', yenye mistari myeupe, bado zinauzwa kama deremensis, na ile yenye mstari mpana wa njano katikati, 'Massangeana', huuzwa kama fragrans. Zote tatu ni spishi moja. Mwaka 1989 hata NASA, shirika la anga la Marekani, lilipochapisha utafiti wake wa mimea inayosafisha hewa, liliziorodhesha hizo tatu mbalimbali, mbili chini ya deremensis na ya tatu kama Dracaena massangeana. Kwa hiyo ukiambiwa na muuza maua kwamba mmea wako "umethibitishwa na NASA", ujue ni masale yamehesabiwa mara tatu. Na kwa kuwa tumefika hapo: majaribio yale yalifanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2019 yalionyesha kwamba ili mimea ilingane na upepo wa kawaida unaoingia ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Fungua dirisha, dada.

Turudi kwa binamu. Dracaena steudneri ni mti hasa. Shina lake ni nene, juu linagawanyika kuwa matawi machache manene, na kila tawi lina kishungi cha majani makubwa kwenye ncha, mapana kuliko ya masale. Shada lake la maua husimama wima juu ya kishungi, kubwa, la kuonekana kwa mbali. Ukisimama chini yake unatazama juu. Masale kwa kawaida hutoa mashina kadhaa membamba kutoka chini, na majani yanashika shina kwa urefu mkubwa kabla hayajadondoka na kuacha alama za pete. Yakiachwa bila kukatwa kwa miaka mingi yanaweza kuzidi mita 15, hivyo urefu peke yake usikuhukumie. Ukipanda juu zaidi, ndani ya msitu wenye ukungu, utakutana na ya tatu, Dracaena afromontana, ambayo shada lake huning'inia. Masale yenyewe huota porini kati ya mita 600 na mita 2,250 hivi kutoka usawa wa bahari, maana yake ukanda wote wa vihamba umo ndani.

Sisemi kwamba hakuna mzee anayeiita steudneri masale. Majina ya nyumbani hufuata matumizi, na mahali ambapo mti mmoja haupatikani, ndugu yake anaweza kushika kazi. Lakini ule wa kwenu, kwa maelezo yako na kwa picha uliyoambatanisha ya mpaka wenye mashina mengi membamba, ni fragrans. Muulize binamu aliona tunda au ua lake wapi. Nadhani alikariri jina kutoka kwenye orodha, na orodha za miti za zamani za Kilimanjaro zimechanganya Dracaena hizi vibaya sana.

Kuna mwingine anayewapoteza watu mjini, nao ni Cordyline, ile ya majani mekundu au ya zambarau inayopendwa kwenye bustani za hoteli. Ilikuja kutoka Asia na visiwa vya Pasifiki, na kwa muda mrefu ilikuwa ikiuzwa kama Dracaena terminalis. Kumtambua ni rahisi: kwangua mzizi kidogo kwa ukucha. Dracaena ina mizizi ya rangi ya njano au chungwa, Cordyline ina mizizi myeupe. Ile inayoitwa mianzi ya bahati, vijiti vya kijani vinavyouzwa kwenye glasi ya maji, nayo si mwanzi hata kidogo. Ni Dracaena sanderiana, ya Afrika ya Kati.

Umeniandikia pia, pembeni ya swali, kwamba tovuti moja inasema familia ya masale ni Agavaceae, nyingine Dracaenaceae, nyingine Asparagaceae. Zote zilikuwa sahihi kwa wakati wake. Zamani masale na ndugu zake walikusanywa na mayungiyungi. Baadaye wakawekwa na mkonge, kwa kuwa wote wana majani magumu na shina la kudumu, hadi kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, zilipohesabiwa ikaonekana kundi la mkonge lina mpangilio wake wa pekee, kubwa 5 na ndogo 25, ambao Dracaena hawana. Wakapewa familia yao. Kisha vinasaba vikasomwa, na tangu mwaka 2009 wengi tunawaweka katika Asparagaceae, familia ya asparagasi, ambayo safari hii imeukumbatia na mkonge pia. Linnaeus, aliyeuita mti wa Canary Asparagus, angetabasamu, ingawa alipatia kwa bahati.

Na yule mkonge-pori niliyekuambia umshike akilini? Vinasaba vimeonyesha kwamba Sansevieria zote, yaani mikonge-pori yetu pamoja na yale maua ya ndani yenye majani yaliyosimama kama visu, zimo ndani ya Dracaena. Uchunguzi wa mwaka 2014 uliweka jambo hilo wazi, na majina yakafuata: ua la ndani linalojulikana kama Sansevieria trifasciata ni Dracaena trifasciata tangu 2017. Hata oldupai ya Wamasai, ambayo Bonde la Olduvai limechukua jina lake, sasa ni Dracaena hanningtonii. Wapo wakulima wa maua wanaokataa mabadiliko hayo kwa nguvu. Mimi nayakubali, maana ushahidi ni mzito, ingawa najua itachukua muda kabla lebo za barabara ya Njiro hazijabadilika.

Sasa vibao. Cha masale andika hivi:

Masale
Dracaena fragrans (L.) Ker Gawl.
Asparagaceae

Hiyo L. kwenye mabano ni Linnaeus, aliyetoa neno fragrans, Ker Gawl. ni aliyelihamishia Dracaena. Ukiona vinajaza kibao, viondoe, jina halipungui usahihi. Maneno Dracaena fragrans yaandikwe kwa mlazo, D kubwa, f ndogo. Usiandike deremensis hata kwenye mabano, utawapa wageni kazi ya bure. Kama una nafasi, ongeza mstari kuhusu kazi ya mmea: kwamba ndiyo alama ya mpaka wa kihamba, kwamba hupandwa penye makaburi ya wazee, na kwamba aliyekosa hupeleka jani la masale kuomba radhi, na anayeletewa hapaswi kulipuuza. Hayo mwulize mama na wazee wa ukoo wayaseme kwa maneno yao. Mimi ni mtu wa mimea, na desturi ya Kibosho na ya Marangu zaweza kutofautiana. Na ukitaka kujua kama ua la chunguni lenye mistari linaweza kutumika kuombea radhi, swali hilo ni lao vilevile. Kwa upande wa mimea ni spishi moja. Kama litakubaliwa na aliyekosewa, hilo siwezi kulisaini.

Chungu chako, kama mistari myeupe imekaa karibu na kingo za jani, pengine ni 'Warneckei'. Lebo yake iwe Dracaena fragrans 'Warneckei', jina la mwisho ndani ya alama za nukuu moja na bila mlazo. Kama una paka au mbwa ndani, weka juu: majani yana kemikali iitwayo saponini, na yakitafunwa humtapisha mnyama.

Kama binamu bado atabisha, msibishane kwa picha za simu. Programu hizo husoma majani zaidi, na umeshaona majani ya mmea huu yanavyosema lolote. Subirini masale yachanue. Kata ncha ya shina yenye shada, pamoja na jani moja zima hata kama itabidi ulikunje mara mbili, na matunda kama yapo. Tandaza ndani ya gazeti, weka magazeti makavu juu na chini, kandamiza kwa mbao na mawe, na ubadilishe magazeti kila siku hadi mmea ukauke, la sivyo majani manene kama haya huota ukungu. Kwenye karatasi ya pembeni andika yale ambayo mmea mkavu hausemi: rangi ya ua na ya tunda, harufu, saa maua yalipofunguka, urefu wa mmea, idadi ya mashina, mahali na mwinuko, tarehe, jina la nyumbani na nani alikutajia. Fanyeni vivyo hivyo kwa huo mti anaouita masale yeye. Kisha pelekeni vyote viwili Ngaramtoni, njia ya Namanga, kwenye Hebaria ya Taifa iliyo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wana makabati ya mimea ya nchi nzima, na mtaalamu wa hapo atailaza sampuli yenu kando ya zilizokwisha kutambuliwa huku binamu akiwa amesimama palepale. Waulizeni kama wangependa kubaki na nakala, hasa ile yenye maua. Masale hayakusanywi sana na watafiti, kwa kuwa kila mtu hudhani yanajulikana.